Mpaka wa Mlima Foel

Pen-y-ffridd, Cwm Celynnog
9 Machi 1997

Mdogo wangu Ithel,

Kwanza salamu, maana Mama amesimama nyuma ya kiti changu na hatakubali nianze na jambo jingine. Anauliza hujambo, unakula vizuri, na huko kwenu Patagonia, upande wa pili wa dunia, baridi imeanza? Sisi wazima. Magoti yake ni magoti ya mtu wa miaka themanini na minne, basi. Mvua imenyesha wiki tatu mfululizo, paa la kanisa linavuja juu ya kinanda, na mchungaji anahubiri kana kwamba hasikii matone. Mimi bado napika shuleni na watoto bado hawali kabichi.

Sasa habari yenyewe. Tumeletewa msanii. Binti anaitwa Non, mtu wa Kusini, anavuta maneno hadi Mama alimwuliza kama jino linamuuma. Kazi yake ni kukifanya kijiji kizima kitengeneze kitu kutokana na ardhi yake. Tulidhani ni mchezo wa kupaka rangi. Wapi! Kila Alhamisi anatupandisha mlimani na mabuti yetu, anatuambia tusimame, tutazame, tuchume: maua ya njano ya miiba, magome ya miti, ule ukoga mkavu unaoota juu ya mawe. Kisha tunarudi ukumbi wa kanisa, tunavichemsha na kutia sufu rangi. Sufuria mbili za shule zimegeuka kahawia, usimwambie mtu.

Tunatengeneza kitambaa kikubwa cha ukutani, ramani ya bonde zima. Kila nyumba inashona ardhi yake kwenye kipande chake, kwa sufu ya kondoo wake, vipande viunganishwe baadaye, na jina la kila shamba linatiwa kwa sindano. Kitatundikwa ukumbini Oktoba, siku ya Ibada ya Shukrani. Non ametoa sharti moja tu: hakuna kushona ardhi ya mwenzio.

Mama amechukua Mlima Foel. Nyumba na mashamba ya chini kaniachia mimi. "Foel ni yangu," kasema, "nimeutazama kutoka dirisha la jikoni miaka sitini." Sufu tutaomba kwa Elwyn Parri wa Hafod-las, kwa kuwa ndiye anayetutunzia kundi tangu ulipoondoka. Tatizo ni mpaka. Ukishavuka kijito, mpaka wetu unapita kwenye jiwe jeupe au kwenye zizi la zamani? Ukuta haupo kule juu, kondoo wenyewe ndio wanaojua, na Baba aliutembea mpaka ule nawe tu kwa sababu wewe ndiye mwanamume. Nijibu upesi.

Na useme unakuja lini. Uliondoka kwa msimu mmoja wa kukata manyoya, Ithel. Huu ni mwaka wa sita.

Dada yako,
Mererid

~

Trevelin, Patagonia
6 Aprili 1997

Dada Mererid,

Pokea salamu zangu, na umpe Mama zake kabla chai yake haijapoa. Mimi mzima. Kwetu huku majani yanaanguka, upepo unavuma tangu Jumatatu na umebeba banda la kuku la jirani pamoja na kuku mmoja. Kuku alirudi kwa miguu. Jumapili tulichoma kondoo mzima, tukaimba nyimbo za nyumbani, na wazee wa huku, wajukuu wa watu wetu waliohamia zamani, wanazijua kuliko mimi. Nimepata mbwa mpya, mpumbavu kabisa, anaogopa kondoo.

Huyo Non nimempenda. Mwambie achunge sana ukoga wa mawe, unaota polepole kuliko mchungaji wenu anavyomaliza mahubiri.

Kuhusu mpaka, mbona mnajipa taabu? Mama na macho yake hayo, mlima wote ule? Ashone nyumba na yale mashamba matatu ya chini, yanatosha kabisa na yanapendeza. Kule juu ni majani na mawe tu, hakuna cha kushona. Mwachieni Non aweke rangi yoyote.

Msimu huu sitaweza kuja. Tajiri wangu ameumia mgongo. Labda baada ya kiangazi chetu.

Nduguyo,
Ithel

~

Pen-y-ffridd
18 Mei 1997

Ithel,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama hajambo, ila amekasirika na mpira wa raga, usimwulize kwa nini. Binti wa posta kajifungua pacha. Ndege waitwao kekeo wameanza kuita bondeni, na bwana mmoja wa mjini kaja kuwapiga picha, akazama kwenye matope mpaka kiunoni.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jibu, sikuliona. Nimeuliza swali moja, jiwe jeupe au zizi, nawe unanieleza habari za kuku. "Majani na mawe tu"? Mtoto wa Baba ndiye anayesema hivyo? Kama umesahau, sema umesahau, si aibu.

Nilimsomea Mama ulichoandika. Kesho yake alimwagiza Non kitambaa kikubwa zaidi. Sasa ana rangi tano za kijani kwenye kapu, na amekwisha anza kwenye mteremko wa chini, mishono midogo kama ya nguo ya mtoto. Anashona saa mbili kila asubuhi dirishani, anatazama mlima, anashona. Ukimsogelea anakwambia unamzibia.

Mpaka nimeuchora mwenyewe kwenye jiwe jeupe. Nikikosea, lawama ni yako.

Mererid

~

Pen-y-ffridd
13 Julai 1997

Ithel,

Hujajibu. Nakusalimia hata hivyo, kwa heshima ya Mama, ambaye ni mzima na anakusalimu.

Tumemaliza kukata manyoya. Nilikwenda Hafod-las Jumatano kama kila mwaka, nikapeleka mkate wa zabibu, nikamwomba Elwyn sufu ya kondoo wetu kwa ajili ya kitambaa. Alinipa gunia zima, sufu safi ya mgongoni. Niliwaona kondoo wetu uani, kila mmoja na alama yetu, ncha ya sikio la kulia imekatwa na pengo moja chini ya la kushoto. Hata wanakondoo wa mwaka huu. Nikamshukuru kwa kuitunza alama ya Baba. Alitazama mabuti yake, akasema, "Alama ni alama."

Sasa sikiliza yaliyotokea Alhamisi. Naingia ukumbini, namkuta Lowri, yule mke wa Dafydd, mwana wa Elwyn, aliyeolewa hapa juzijuzi kutoka bonde la pili. Kakaa na sindano, na juu ya kitambaa cha Hafod-las kashona mteremko mzima wa kijani, na jina la Foel limefika herufi ya tatu.

"Na hii nini?" nikamwuliza.

"Mlima wetu, Bi Mererid."

"Wenu tangu lini? Mnapewa mifugo ya watu mtunze, mnageuka wenye mali?"

Ithel, nilimpa maneno yake. Mbele ya wanawake kumi na wanne na sufuria inachemka. Nilimwambia kwao labda ndivyo wanavyofanya, huku kwetu hatuibiani milima, hata kwa sindano. Masikini alikuwa mwekundu kama bendera, akamtazama baba mkwe wake, aliyekuwa anabeba kuni. Elwyn akavua kofia.

"Fumua, Lowri."

"Lakini baba..."

"Fumua, nimesema."

Akafumua, machozi yanamdondoka juu ya mkasi. Non akajifanya anatafuta kitu kabatini. Mimi nikajiona nimeshinda, nikala keki mbili.

Nilikuwa naosha vikombe ndipo nilipoanza kufikiri. Mtu akishikwa anachukua kisicho chake huwa anabisha, au anaomba radhi. Elwyn hakufanya hata moja. Alinibebea gunia langu la sufu mpaka getini, hakunitazama usoni, akasema, "Mwache mama yako ashone." Kwa sauti ya mtu anayekusitiri.

Nakuuliza sasa, na safari hii usinipige chenga. Foel ni wa nani?

Mererid

~

Trevelin
10 Agosti 1997

Dada,

Natumaini nyote wazima. Mimi mwili mzima.

Foel ni wa Elwyn. Nilimuuzia mwezi mmoja kabla sijaondoka, mlima pamoja na kundi. Unajua kondoo wa mlima hawahamishwi, kondoo mama anamfundisha mwanawe mpaka ulipo, na anayeununua mlima ananunua kondoo na alama yao. Ndiyo maana mmekuwa mkiona masikio yale yale mkadhani hakuna kilichobadilika. Nilijua mtadhani hivyo. Niliitegemea alama.

Mambo ya kutunziwa niliyatunga mimi. Nilimwomba Elwyn anyamaze mpaka nitakaporudi kuwaambia mwenyewe. Hakupenda. Aliniambia, "Ithel, kondoo wanatembea mlimani, uongo unatembea kila mahali." Lakini alinipa mkono.

Utaniuliza kwa nini. Baba aliniachia mlima, hakuniuliza kama nautaka. Sikuutaka. Tangu nina miaka kumi na miwili nilikuwa natoka alfajiri kwenye theluji kutafuta kondoo, na kila siku niliichukia, na kila mtu kanisani ananipiga bega, "Huyu ndiye atakayeushika Foel." Kama ningewaambia nauza, Mama angelia, nami ningebaki. Ningekuwa niko huko hadi leo, mlevi kama Ifor wa kinu. Nilitaka kuondoka kabla hajanitazama.

Niliazimia kuwaambia baada ya msimu mmoja. Nikaona haya. Msimu wa pili haya zikazidi. Nimekata tiketi mara mbili, Mererid, na mara mbili nimeirudisha. Kila nikifikiria kuingia mlangoni naona Mama amekwisha nitengenezea mabuti ya Baba ili asubuhi nipande mlimani. Ningemwambia nini?

Nakuomba, usimwambie. Ana umri gani tena? Mwache ashone mlima wake. Lowri mwombe msamaha kwa niaba yangu.

Ithel

~

Pen-y-ffridd
31 Agosti 1997

Ithel,

Sisi wazima, asante.

Kwa niaba yako? Maneno niliyatoa kwa mdomo wangu mwenyewe, msamaha nimeuomba kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilikwenda Hafod-las kwa miguu ili nipate muda wa kuona aibu vizuri. Lowri alinifungulia mlango akiwa na unga mikononi. Nilipomaliza akasema, "Mimi nilidhani kila mtu anajua," kisha akanikaribisha chai. Ndiyo, nadhani nusu ya kanisa wanajua. Wamekuwa wakitutazama miaka sita tukipeleka mkate wa zabibu kwa mtu kumshukuru kwa kututunzia kondoo wake mwenyewe.

Na ile nusu ya kondoo wa kuchinja anayotuletea kila vuli? Sisi tulidhani ni haki yetu. Mwaka juzi Mama alimlalamikia kwamba amekonda! Elwyn akasema atajitahidi. Mungu wangu.

Nimekukasirikia hata kalamu inatoboa karatasi. Si kwa kuuza. Baba alikosea, nilikwisha mwambia akiwa hai, na mimi ningeuchukua mlima ule kwa mikono miwili lakini nani aliniuliza? Hilo tuliache. Nimekasirika kwa sababu umetufanya wapumbavu kijijini mwetu, halafu unaniomba niendelee.

Siwezi. Kitambaa kile kitatundikwa ukutani mwa ukumbi wa kanisa, watoto wa watoto watakinyooshea vidole na kusema hapa ni pa fulani na hapa ni pa fulani. Nikimwacha Mama ashone mpaka wa uongo pale, na watu wote wanajua, watamcheka chinichini kila Jumapili. Umemwonea huruma gani hapo?

Sikuambii uje. Nakwambia umwandikie yeye mwenyewe, kwa jina lake, ifike kabla ya Shukrani, Jumatatu ya tarehe ishirini Oktoba. Isipofika, nitamwambia mimi, na nitamwambia kwamba ulipewa nafasi.

Amebakiza kilele tu. Kila Jumamosi anauliza kama barua yako imekuja.

Mererid

~

Trevelin
24 Septemba 1997

Mererid,

Humu ndani kuna bahasha ya Mama. Nimeifunga. Nimeiandika mara tisa na hii si nzuri kuliko zile nyingine, lakini ni ya kweli. Kaa naye akiisoma.

Ithel

~

Pen-y-ffridd
21 Oktoba 1997

Ithel,

Salamu. Nakaa niandike yote leo kabla sijasahau mpangilio wake.

Bahasha yako ilifika Jumanne iliyopita. Mama aliisoma dirishani kwa miwani na kile kioo cha kukuzia, mara mbili, pole pole. Nilikaa naye kama ulivyosema. Akaikunja, akaitia mfuko wa aproni.

"Mama?"

"Chai imepoa," akasema.

Basi. Jumatano akafua, Alhamisi akapiga pasi. Mimi namtazama, yeye anamenya viazi. Jumapili kanisani akampa Elwyn mkono kama kawaida, akamwuliza hali ya kifua chake. Nikafikiri, labda hakuelewa, labda itabidi nimweleze upya.

Jana asubuhi akaniambia nilete mkasi mdogo. Tukafika ukumbini saa nzima kabla ya ibada, lakini watu walikuwa wamejaa tayari, kila mtu anatafuta shamba lake. Kitambaa kimetundikwa. Ni kizuri, Ithel, siwezi kukudanganya. Bonde zima, kila ukuta, na kijito cha uzi wa kijivu, na Foel uko juu katikati, kijani tano na zambarau ya vichaka, na kuuzunguka uzi mwekundu uliotiwa rangi ya ukoga wa mawe, mpaka wetu.

Mama akawaita wana wa Elwyn. "Kiteremsheni."

Non akapauka, akamwuliza Mama, "Bi Gwladus, kuna kasoro?"

"Ipo. Nileteeni kiti."

Kikalazwa mezani. Akatia mkasi kwenye uzi mwekundu, akaufumua wote, kutoka jiwe jeupe mpaka kijitoni. Mlima wenyewe hakuugusa. Kisha akatunga sindano, akaanza kuushona mpaka upya upande wa huku wa kijito, nyuma kidogo tu ya nyumba yetu. Ilimchukua dakika arobaini. Mchungaji alichungulia mara tatu akitazama saa, hakuna aliyemjali. Sindano uliisikia ikipita kwenye sufu. Alipokata uzi, Foel ulikuwa Hafod-las.

"Yuko wapi mke wa Dafydd?"

Lowri akaja.

"Mlima nimeushona mimi, na nimeushona vizuri kuliko ambavyo ungeushona wewe. Jina ni lenu. Kaa hapa ulishone."

Lowri akalia, Non akalia, watu wa Kusini hawahitaji sababu kubwa. Elwyn akasogea na kofia mkononi. "Bi Gwladus, haikuwa lazima."

"Elwyn Parri, umenilisha nyama miaka sita nami nakwambia kondoo amekonda. Nyamaza, tafadhali."

Ibada ilianza kwa kuchelewa. Aliimba nyimbo zote.

Njiani kurudi, kwenye kona ya daraja, akasimama. Nikadhani ni magoti. Alikuwa analia, Ithel, kwa sauti, vile ambavyo sikumwona akilia hata siku tulipomzika Baba. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mama, pole kwa mlima wako."

Akanigeukia kwa hasira. "Mlima wa nini mimi, na magoti haya? Miaka sita! Alidhani nilikuwa nangoja kondoo?"

Nisikufiche, hajakusamehe. Amesema hilo hatalizungumza na karatasi, atalizungumza na mtu aliyekaa mezani. Mabuti ya Baba ameyatoa kabatini leo asubuhi akampa Dafydd. Yamemtosha.

Dada yako,
Mererid

~

Trevelin
13 Novemba 1997

Dada Mererid,

Barua yako ilifika jana. Niliisoma zizini, nikalia mbele ya mbwa.

Tiketi ninayo, na safari hii nimemwambia tajiri wangu na kila mtu hapa ili nisiweze kurudi nyuma. Nafika Jumanne, tarehe tisa Desemba, kwa basi la jioni. Usije kunipokea, nitapanda kwa miguu. Nitapita Hafod-las kwanza kumpa Elwyn mkono, halafu nitakuja nyumbani.

Sijui nitasimama vipi mbele ya Mama. Lakini nakuja.

Ithel